Diski ya Perez Akeyo

Watu wa Kondele, pembeni mwa Kisumu, na vijiji vilivyo juu yake walipofiwa, jambo la kwanza lilikuwa kutafuta gari la kupeleka mwili mochari. La pili lilikuwa kwenda kwa Perez Akeyo. Chumba chake kilikuwa kati ya kinyozi na duka la dawa, hatua chache kutoka njia panda, na kibao cha mlangoni kiliorodhesha kazi zake: kupiga chapa, barua, maombi ya kazi, vijitabu vya mazishi. Hiyo ya mwisho ndiyo iliyomlisha.

Nimekutana na waandishi wa kukodiwa mbele ya posta na mahakama za miji mingi, Khartoum hadi Kalkuta, na wote wana mwenendo mmoja: hawazungumzi juu ya walichoandika. Perez alikuwa hivyo hivyo. Alizaliwa Alego, akasomea upigaji chapa, akaajiriwa katika ofisi za bandari ya Kisumu wakati Kenya, Uganda na Tanzania zilipokuwa na reli moja na meli za pamoja. Jumuiya hiyo ilipovunjika mwaka wa 1977 alipewa barua ya kurasa mbili, ambayo yeye mwenyewe ndiye aliyeipiga chapa, pamoja na za wenzake thelathini. Akanunua taipureta moja ya ofisi na kuketi nayo kwenye baraza huko Kondele. Mume wake, aliyekuwa fundi wa injini za meli, alifariki miaka minne baadaye, na Perez akabaki katika nyumba ya baraza la mji mtaani Kaloleni, akitembea kwenda kazini asubuhi na kurudi jioni.

Kompyuta aliipata mwaka wa 1989. Mradi mmoja wa maji ulikuwa ukifunga ofisi zake Milimani, wazungu wakauza vitu vyao kwenye nyasi, na Perez akarudi na kompyuta, printa na kitabu cha maelezo kilichokosa nusu ya kurasa. Kuanzia siku hiyo hakuna aliyeingia kwake na viatu. Aliambiwa vumbi huua kompyuta, naye hakutaka kujaribu. Viatu vilipangwa nje ukutani, na wauza mboga wa ng'ambo ya barabara walijua ukubwa wa msiba kwa kuvihesabu.

Kijitabu cha mazishi katika sehemu hizi kina picha ya marehemu, nyimbo, ratiba, na historia ya maisha. Lakini kurasa zinazosomwa kwanza ni zile za orodha: wazazi, wake kwa mpangilio wao, watoto wa kila nyumba, mabinti na walikoolewa, wakwe, wajukuu. Anayeachwa nje ya orodha leo anaweza kuambiwa mwakani kwamba hana shamba. Kwa hiyo watu walikuja kwa Perez wakiwa sita au saba, wakabishana mbele yake kwa saa nzima, naye mikono iko juu ya mapaja, akingoja. Walipokubaliana alipiga chapa, akawasomea, wakaitikia jina kwa jina.

Ubunifu wake ulikuwa kuzihifadhi orodha hizo. Ukoo ukifiwa tena, hakukuwa na haja ya kubishana upya. Alifungua faili la ukoo, akahamisha jina moja kutoka kwa walio hai hadi kwa marehemu, akasahihisha umri wa watoto na kuongeza wajukuu. Nusu saa, kazi imekwisha. Miaka hiyo watu walikufa kwa wingi, vijana hasa, na kuna koo zilizorudi kwake mara tatu katika mwaka mmoja.

Tatizo lilianza mwaka wa 1993. Siku moja mashine ilikataa kuhifadhi faili jipya. Mteja aliyekuwa akingoja, mtu wa ofisi aliyejua kompyuta kiasi, akachungulia juu ya bega lake akasema, "Hiyo imejaa, Mama. Futa za zamani." Perez akafuta moja, na jipya likaingia bila shida. Basi tangu hapo kila ukoo mpya ulipokuja, ukoo mmoja wa zamani ulitoka. Alikuwa na kanuni yake: alifuta wale ambao hawajafiwa kwa muda mrefu. Wale ambao kifo kiliwasahau, na yeye akawasahau.

Mwezi wa Agosti mwaka wa 1995, saa nane mchana, wakati wa jua ambapo hakuna mteja, aliingia mzee mmoja wa Kajulu aliyeitwa Oduor, akiwa peke yake. Alivua viatu, akaketi, akasema anataka orodha.

"Pole, Mzee," Perez akamwambia. "Nani ametuacha?"

"Bado. Ni yangu."

Huko hakuna anayeandika orodha ya mtu aliye hai. Ni kama kuchimba kaburi na kuliacha wazi uani. Perez alimwambia hivyo kwa upole, na mzee akajibu kwamba tumbo lake lilikuwa limeshamwambia hayo yote, na madaktari nao. Alikuwa na wake wawili, Dorca na Seline. Alijua akifa, mwanawe wa kwanza, Zadock, angesema Seline si mke, kwa sababu mahari yake haikumalizika. Alitaka maneno yake yakae mahali ambapo Zadock hayafikii.

"Nyumbani kwangu karatasi haikai," alisema. "Iweke ndani ya hiyo mashine yako. Usiandike jina langu juu yake. Mtu akipita akaona jina langu, nitakufa kabla ya wakati."

"Niandike nini?"

"Chochote. Andika mahindi."

Perez akaandika MAHINDI. Mzee alisema maneno yake kwa karibu saa moja, akataka asomewe mara mbili, kisha akavaa viatu vyake na kwenda. Hakuna nakala iliyochapwa. Alimwambia mtu mmoja tu, Dalmas, mwana wa Seline, mwalimu wa shule ya msingi, kwamba siku ikifika aende kwa Perez.

Siku ilifika mwezi wa Machi mwaka uliofuata. Mzee Oduor alifariki Jumapili. Jumatatu alasiri mvua kubwa ilitoka ziwani, kama inavyotoka kila mara majira hayo, na radi ikapiga nguzo ya umeme nyuma ya duka la dawa. Kwa Perez kulisikika mlio kama wa fimbo kavu ikivunjika, kisha harufu ya mpira ulioungua. Skrini ikawa nyeusi.

Dalmas alikuja Jumanne asubuhi. Aliacha viatu vyake nje, akaingia, akaona mashine imevuliwa kitambaa chake cha kufuma na imekaa kimya.

"Mama, usiniambie."

"Keti kwanza, Mwalimu."

"Zadock ameshaandika yake. Jana usiku aliwasomea watu. Mamangu hayumo. Mimi na dada zangu tumeandikwa mwisho kabisa, chini ya majirani, eti 'watoto waliolelewa katika boma'." Alicheka bila furaha. "Waliolelewa. Kama kuku."

"Kijitabu kinachapwa lini?"

"Mazishi ni Jumamosi. Wazee wamesema orodha ya baba ikipatikana kabla ya Alhamisi saa sita, itasomwa. Isipopatikana, ya Zadock inaenda."

"Orodha iko," Perez akasema, akaweka kiganja juu ya mashine. "Maneno ya babako yako humu. Ngoja nimwite Kinyua."

Kinyua alikuwa fundi wa redio na televisheni kutoka Kirinyaga, chini ya Mlima Kenya, aliyekuja Kisumu kwa wiki mbili na kukaa miaka kumi na moja. Dholuo, lugha ya Wajaluo, aliielewa zaidi ya alivyokubali. Alikuja na mfuko wa bisibisi, akafungua mashine, akainusa kabla ya kuigusa.

"Hii imeenda, Mama Perez. Sanduku la umeme limeungua, na bodi pia. Ona hapa, imekuwa kama ugali wa jana."

"Na diski?"

"Hiyo sitajua mpaka niiweke kwa mashine ingine."

"Sasa wewe mtu wa mlima, mashine ingine ninayo wapi?"

"Mimi ninayo. Lakini sisi watu wa mlima hatuongei mambo mazito bila chai."

Chai ikaletwa. Kinyua alikuwa na kompyuta iliyotoka Nairobi, ya kampuni moja iliyobadilisha mashine zake zote. Ilikuwa mpya kuliko ya Perez kwa vizazi viwili, na haraka mara nyingi zaidi, ila ilikuwa na kasoro moja: wenyewe walitoa diski kabla ya kuiuza, ili siri zao zisitembee. Ilikuwa tupu. Ikiwashwa ilihesabu kumbukumbu zake, ikauliza mfumo uko wapi, ikanyamaza.

"Basi hiyo ndiyo yako," Kinyua alieleza. "Tunatoa diski ya zamani, tunaweka ndani ya mpya. Mfumo wako wa DOS uko humo, programu yako ya kuandikia iko humo, faili zako ziko humo. Ukiwasha, itafikiri haijahama."

"Na kama radi iligusa diski?"

"Basi tutakuwa tumekunywa chai."

Walikubaliana kwamba Perez angemlipa kidogo kidogo na kumpigia chapa risiti zake bila malipo. Jumatano asubuhi kompyuta ilifika imefunikwa gunia, juu ya mkokoteni. Dalmas aliomba ruhusa shuleni akaja pia. Aliketi kwenye benchi la wateja, miguu bila viatu, soksi moja imetoboka kidoleni, akitazama mikono ya Kinyua.

Diski yenyewe ilikuwa na ukubwa wa Biblia ndogo na uzito wake. Kinyua alifungua skrubu nne, akachomoa waya wa umeme na ule waya mpana ulio bapa kama utepe, akaibeba diski kwa mikono miwili. Akasoma kibandiko chake. Kulikuwa na namba tatu zinazoiambia mashine umbo la diski. Zile za mashine ya zamani zilikuwa zimepotea pamoja na bodi, lakini kibandiko kilikuwa nazo, na Perez akaziandika kwenye karatasi kwa mwandiko wake wa shule ya makarani. Kinyua akaifunga diski ndani ya mashine mpya, akaunganisha nyaya, akaziandika zile namba tatu kwenye ukurasa wa maandalizi.

Akawasha upya. Mashine ikahesabu. Kisha taa ndogo nyekundu ya diski ikawaka na kukataa kuzima. Skrini ikasema hakuna diski.

Nje kondakta aliita abiria wa Mamboleo.

"Imekufa?" Dalmas akauliza.

"Mwalimu, wewe ukiingia darasani ukikuta mtoto amelala, unasema amekufa?"

"Nikimchapa asiamke, ndiyo."

Kinyua alizima. Aliinama na tochi ndani ya sanduku, akakaa hivyo muda mrefu, kisha akaanza kucheka peke yake. Ule waya bapa una mstari mwekundu ukingoni, na mstari huo lazima uelekee kwenye pini ya kwanza. Katika mashine ya zamani pini ya kwanza ilikuwa kushoto. Katika hii ilikuwa kulia.

"Nimeivalisha shati nyuma mbele," alisema, akaugeuza.

Taa ikawaka, ikazima, ikawaka tena kwa vipindi vifupi. Ndani ya diski kukasikika mkwaruzo mdogo, ule Perez alioufahamu kwa miaka saba. Maneno ya DOS yakapita haraka kuliko alivyowahi kuyaona, mashine ikauliza tarehe, na kisha ukurasa wa buluu wa programu ya kuandikia ukafunguka, na chini yake ile alama inayowaka na kuzima ikingoja. Kila kitu kilikuwa mahali pake. Perez aliita orodha ya mafaili, na koo zikajipanga kwenye skrini kwa alfabeti, nyingi mno zikianza na O, hivi kwamba kupita herufi hiyo peke yake kulichukua kurasa kadhaa.

"Yaye," Perez akasema kwa sauti ndogo. Dalmas alikuwa amesimama.

Akashuka hadi M. Kulikuwa na Magak, Magero, Manyala, Mbeche. Akapanda juu, akashuka tena polepole, kidole kwenye kioo. Hakukuwa na MAHINDI.

Nilikuwepo, nikingojea kazi yangu ipigwe chapa, na nilichokiona ni kwamba hakubadilika uso. Alitoa kidole kwenye kioo, akakifuta kwa kanga yake, ingawa hakikuwa na kitu.

"Mwezi wa kumi na moja," alisema hatimaye. "Walikuja watu wa Nyahera. Mashine ikakataa. Nikatafuta cha kutoa. Nikaona mahindi, nikafikiri ni ile barua ya kikundi cha wakulima. Niliifuta mimi mwenyewe, Dalmas."

Dalmas aliketi. Kinyua alisema kufuta si mwisho. Mashine haifuti kweli, alieleza, inatoa tu herufi ya kwanza ya jina na kuandika kwamba nafasi iko wazi; mpaka mwingine aikalie, mwenyewe anaweza kurudishwa. Alitafuta kwa programu aliyobeba kwenye diski laini. Majina manne yaliyokatwa kichwa yakatokea. Hakuna lililokuwa la mahindi.

"Kila uliyemtoa, ulimwingiza mwingine papo hapo," Kinyua akasema. "Kiti hakikupoa." Kisha akakunja paji la uso. "Lakini Mama, mbona ulikuwa unafuta?"

"Ilijaa."

"Nani alisema?"

"Ilikataa kuweka. Mtu wa ofisi akasema imejaa."

Kinyua alionyesha namba ndefu iliyokuwa juu ya orodha, pembeni. "Hii hapa ni nini?"

"Ni namba ya mashine."

"Mama, hii ni nafasi iliyobaki. Hujatumia hata robo."

Akamweleza polepole. Diski haikuwa imejaa. Kilichojaa ni ukumbi wa mbele. DOS inaruhusu majina mia tano na kumi na mawili pale mlangoni, hakuna zaidi, hata kama nyumba nzima ni tupu. Mtu anatakiwa kutengeneza vyumba ndani, na katika vyumba hivyo anaweka majina bila kikomo. Perez aliweka kila kitu mlangoni kwa sababu kurasa zilizoeleza vyumba zilikuwa katika ile nusu ya kitabu isiyokuwepo. Kinyua akaandika neno moja fupi, na chumba kikawa tayari. Ilichukua muda wa kupiga chafya.

"Nilitoa watu wangapi?" Perez aliuliza, lakini si kwa mtu yeyote. Ni yeye peke yake angeweza kujua, na hakujua.

Dalmas hakuwa akisikiliza habari za vyumba. "Unakumbuka aliyosema?"

"Nimepiga chapa. Nakumbuka."

"Yote?"

"Mstari kwa mstari. Ndiyo kazi yangu."

"Basi andika, Mama. Andika sasa hivi. Ni maneno yake mwenyewe, si uongo."

Kinyua aligeukia mashine. Tangu ilipowashwa ilifikiri ni Januari mosi, 1980. Saa yake ilikuwa haijawekwa. "Na tarehe naweza kuweka yoyote," alisema kwa sauti ya mtu anayetaja bei. "Nikiweka Agosti mwaka jana, faili itasema ilizaliwa Agosti mwaka jana. Hata waje na mtaalamu kutoka Nairobi."

Perez alitazama ile alama ikiwaka na kuzima. Vidole vyake vilikuwa tayari juu ya herufi, vile vinavyokaa vyenyewe bila kuamriwa. Nadhani hiyo ilikuwa mara ya kwanza mtu kumwomba aandike kitu na yeye asijue kama ataandika. Maneno yalikuwa ya kweli. Tarehe pekee ndiyo ingekuwa ya uongo, na hata tarehe ingekuwa sahihi kwa namna fulani. Mwanamke wa Kajulu ambaye hakuwa na kosa lolote alikuwa karibu kuwa jirani katika mazishi ya mume wake.

"Weka ya leo," alimwambia Kinyua.

"Mama!" Dalmas alisema.

"Nikiwaletea karatasi ya uongo, na Zadock akiuliza kwa nini haijawahi kuonekana, nitasema nini? Nitadanganya mara ya pili. Kisha kila orodha iliyotoka hapa itakuwa na swali. Nyumba ngapi zimezika kwa karatasi zangu? Kesho nitakwenda mwenyewe."

"Kufanya nini?"

"Kusema."

Alhamisi asubuhi alifunga chumba, jambo ambalo wauza mboga walilizungumzia, akapanda Kajulu. Nilimfuata kwa sababu Dalmas aliniomba nije kama mtu wa nje, ingawa hakuna aliyenihitaji. Turubai lilikuwa limefungwa uani. Wazee walikaa upande mmoja na wanawake upande wa pili, Dorca na Seline wakiwa wameachana kwa viti vitatu. Zadock, karani wa kiwanda cha sukari, mtu mnene mwenye sauti nzuri, alisimama kumkaribisha.

"Nyar Alego, binti wa Alego, karibu. Tumengoja karatasi."

"Sina karatasi," Perez akasema. "Baba yenu alikuja kwangu mwezi wa nane. Alisema orodha yake, nikaiweka kwenye mashine. Mwezi wa kumi na moja niliifuta."

"Uliifuta?"

"Nilifikiri ni ya mahindi."

Kicheko kilianza kwa vijana na kufika kwa wazee. Hata mama mmoja aliyekuwa akilia alijifunika mdomo. Zadock alifungua mikono kama mchungaji.

"Wazee wangu, mmesikia. Urithi wa baba yangu ulikuwa mahindi. Tuendelee?"

Perez alibaki amesimama. Alikuwa amezoea kukaa wakati wengine wanabishana, na hakujua pa kuweka mikono.

"Zadock, keti," akasema Dorca. Alikuwa mwanamke mdogo wa umbo, mwenye miaka zaidi ya sitini, na tangu asubuhi hakuwa amesema neno. "Huyu ana mashine. Angetaka kutudanganya, angekuja na karatasi, na muhuri juu. Amekuja mikono mitupu ili achekwe. Mama, sema alivyosema."

Perez alisema. Alianza kwa sauti ya kazini, ile isiyo na kitu ndani yake: wazazi wa Oduor, ndugu zake, kisha wake zake wawili, Dorca aliyejenga naye boma na Seline aliyemuuguza, wote wake zake kamili. Zadock alipiga ulimi. "Watoto wa Dorca," Perez akaendelea. "Wa kwanza Awino, aliyezaliwa mwaka wa hamsini na aliyekufa kabla ya kutambaa. Wa pili Zadock. Wa tatu..."

"Huyo Awino ni nani?" Zadock aliuliza. "Mimi ndiye wa kwanza. Mnaona? Hata haijui nyumba yetu!"

Alimtazama mama yake, na watu wote wakamtazama mama yake. Dorca alikuwa ameshika ukingo wa kiti kwa mikono yote miwili.

"Rudia," alimwambia Perez.

"Wa kwanza Awino, aliyezaliwa mwaka wa hamsini na aliyekufa kabla ya kutambaa."

"Tulikuwa Magadi, alikokuwa akifanya kazi baba yenu," Dorca akasema, akizungumza na ardhi. "Tulimzika huko. Aliniambia tusimtaje, nisije nikaogopa kuzaa tena. Sikumtaja. Miaka arobaini na sita, hata kwa huyu sikumtaja." Aliinua uso. "Nilidhani yeye alimsahau."

Mzee mmoja akakohoa. Seline alikuwa akilia bila sauti. Zadock aliketi polepole, akiwa bado ameshika orodha yake iliyopigwa chapa vizuri na sekretari wa kiwandani.

"Mama," alisema, "hukuniambia."

"Sasa umeambiwa." Dorca alimpa mkono Perez amsaidie kusimama. "Twende kwako. Nitasema mimi mwenyewe, na Seline aje asikie. Saa ngapi sasa?"

Ilikuwa saa nne na nusu. Walishuka Kondele kwa pikapu ya jirani, wanawake watatu wamebanana mbele, Dalmas na Zadock nyuma pamoja nami, wameshika mbao. Jozi sita za viatu ziliwekwa ukutani, pamoja na zangu. Perez aliwasha mashine mpya, akaingia katika kile chumba alichotengenezewa na Kinyua, ambacho hakikuwa na kitu ndani, akaandika alichoambiwa na Dorca. Orodha haikutofautiana na alivyosema Oduor isipokuwa katika mstari mmoja. Pale palipokuwa na "aliyemuuguza", Dorca alisema iandikwe "mke mwenzangu aliyemuuguza", na Perez akamweleza kwamba kijitabu hakizungumzi kwa sauti ya mtu mmoja.

"Hiki kitazungumza," Dorca akasema.

Perez alitoa utepe wa wino kwenye printa, akaweka karatasi ya stensili ya kurudufia vijitabu, na sindano za printa zikaitoboa herufi kwa herufi kwa kelele iliyozuia mazungumzo. Zadock aliinama kusoma ikitoka. Alipofika kwenye jina la dada yake aliuliza kama mwaka ni hamsini kweli, na mama yake akasema ndiyo, mwezi wa mvua.

Jumamosi nilikuwa nyuma ya umati huko Kajulu. Dalmas alisoma orodha kwa kipaza sauti kilichokatika mara kwa mara. Alipofika kwa mama yake hakupandisha sauti wala hakuishusha. Seline aliitwa kutupa udongo baada ya Dorca, katika nafasi yake, akaenda, akarudi, akaketi kwenye kiti kilichokuwa karibu na cha Dorca.

Perez hakuhudhuria. Alikuwa Kondele, mlango uko wazi, akijaribu kukumbuka majina ya koo alizozifuta na kuyaandika kwa penseli nyuma ya karatasi zilizoharibika. Niliposhuka jioni nilimuuliza kwa nini asiende kwenye nyumba hizo akaandike upya orodha zao, sasa kwa kuwa nafasi ipo. Alinitazama kama mtu aliyependekeza jambo la aibu bila kujua.

"Niende kwa watu wenye afya zao, wanakula, wanacheka, niwaambie nataka orodha?" alisema. "Watakuja wenyewe."

Akaendelea kuandika. Alikuwa amefika jina la thelathini na nne.